Msilitenge Jalada na Jarida Lake

Mwenyekiti, walimu wetu wa sanaa, ndugu wakusanyaji, na ninyi vijana mliokuja na madaftari yenu: asanteni kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie ukusanyaji wa majalada ya majarida, yale yaliyochorwa kwa mkono kabla picha ya kamera haijashika nafasi yote.

Nina ombi moja, na yote nitakayosema yanalizunguka hilo. Tuache kulichukulia jalada lililochapwa kama kivuli cha picha nyingine iliyo bora zaidi, iliyotundikwa mahali fulani. Karatasi ile ile iliyopita mtamboni, ikabandikwa bei, ikauzwa, ikasomwa na kukunjwa, ndiyo kazi ya sanaa yenyewe. Na kwa kuwa ndiyo kazi yenyewe, tusiikate.

Nianze na kosa langu. Nilipokuwa na miaka 19 nilipata jarida la miaka ya 1920. Mbele kulikuwa na mwanamke aliyejifunika nusu ya uso kwa mwavuli wa kijani, na mvua ilichorwa kwa mistari myeupe iliyolala upande, kama mtu amepitisha kucha juu ya rangi mbichi. Nililipenda hata usingizi ukaniruka. Asubuhi nikashika wembe, nikalikata kando ya mgongo, nikalitia kwenye fremu na kulitundika mkabala na dirisha. Jarida lililobaki nikalitupa.

Miaka mingi ilipita kabla sijaelewa nilichofanya. Wachoraji wengi waliweka sahihi zao chini, karibu na ukingo, na wembe wangu ulikuwa umepita hapo hapo. Wahariri wa zama zile nao walizoea kumtaja mchoraji wa jalada kwa herufi ndogo kwenye ukurasa wa yaliyomo, na ukurasa huo niliutupa. Dirisha likamalizia kazi. Wino wa njano haustahimili jua, na kijani ni njano juu ya buluu, basi njano ilipokwisha mwavuli wangu ukabaki wa buluu iliyopauka. Picha ninayo mpaka leo. Mchoraji wake nilimpoteza kwa mkono wangu mwenyewe.

Sasa tuseme jalada ni kitu gani. Kazi yake ya kwanza ni kuuza. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na hakuna msanii aliyelijua hilo kuliko mchoraji wa majalada. Kazi yake ilipangwa kwenye kibanda cha magazeti pamoja na nyingine nyingi, mbele ya watu wanaokwenda zao. Alikuwa na muda wa mtu kugeuza shingo, basi. Tena hakupewa uwanja mzima. Juu palikuwa na jina la jarida, mahali pengine tarehe, bei na namba ya toleo. Ilimpasa achore picha inayoyapokea maandishi hayo bila kuonekana imebanwa.

Ndiyo maana baadhi ya picha asili zinaonekana pungufu zikiwa peke yake. Ukitazama turubai iliyochorwa kwa ajili ya jalada, mara nyingi utakuta juu pametupu pasipoeleweka, au kichwa cha mtu kimesimama chini kuliko ulivyotarajia. Si udhaifu wa mchoraji. Alikuwa anaacha nafasi ya jina. Ukilishika jarida lenyewe, pengo lile linajazwa, kofia ya mhusika inagusa herufi, na ghafla kila kitu kimekaa. Picha ilimalizika mtamboni.

Huko Munich mwaka 1896 Georg Hirth alianzisha jarida liitwalo Jugend, na hapo hata jina lenyewe lilikuwa sehemu ya mchezo. Toleo moja herufi zake zilijipinda kama mizizi, toleo jingine zilisimama wima na nzito, kufuatana na picha iliyokuwapo. Jarida hilo lilivuma hata mtindo mzima wa sanaa katika nchi zinazosema Kijerumani ukaitwa Jugendstil. Fikirini jambo hilo: kitu cha kununuliwa kila wiki kuupa jina mtindo uliofika kwenye majengo, samani na vyombo vya mezani.

Lakini niruhusuni nikae zaidi kwenye The Saturday Evening Post la Marekani, kwa sababu hapo ndipo nilipojifunza kutazama. Mpaka mwanzoni mwa 1926 majalada yake yalikuwa ya rangi mbili, nyekundu na nyeusi. Norman Rockwell alitoa jalada lake la kwanza huko tarehe 20 Mei 1916, akiwa na miaka 22. Mvulana aliyevalishwa suti na kofia ya mviringo anasukuma kigari cha mtoto mchanga, chupa ya maziwa imechomoza kwenye mfuko wa kifuani, na wenzake wawili waliovaa kwa ajili ya besiboli wanampita wakimcheka. Hadithi nzima unaipata kwa mtazamo mmoja. Ukiwa na rangi mbili huna pa kujificha: lazima umbo liwe safi, lazima ujue jicho la mtazamaji litatua wapi kwanza, na nyekundu uiweke hapo. Makunyanzi ya nguo, vivuli vya uso, hasira ya yule mvulana, vyote vinabebwa na weusi na weupe wa karatasi.

Kabla yake alikuwapo J. C. Leyendecker, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1874 na kukulia Marekani. Huyu alikuwa na brashi ambayo ukiiona mara moja hutaisahau: mistari mipana inayolala sambamba, mmoja baada ya mwingine, na katikati yake ameacha mianya. Kuanzia mwisho wa 1906 hadi 1943 alichora mtoto mchanga wa mwaka mpya, karibu kila mwaka, na mtoto huyo alibeba mambo ya wakati wake, vita, uchumi, hofu na matumaini. Mpangeni kwa mfuatano muone. Ni mtoto mmoja asiyekua, na dunia ndiyo inayozeeka nyuma yake. Leyendecker na Rockwell, kila mmoja alichora zaidi ya majalada 300 ya jarida hilo.

Rangi nne zilifika kwenye jalada la Post tarehe 6 Februari 1926, na Rockwell ndiye aliyepewa jalada hilo. Wapo wanaoanzia kukusanya hapo, kwa kuwa rangi zinavutia zaidi. Mimi, kwa jicho langu, naona yale ya rangi mbili yana nguvu kuliko mengi yaliyofuata. Rangi zilipokuwa nyingi, wachoraji wengine walianza kusema sana.

Rangi hizo nne tuziingie kwa karibu. Chukueni kioo cha kukuzia, kile kidogo kinachokaa juu ya karatasi, mkiweke kwenye shavu la mtu aliyechorwa. Shavu linatoweka. Mnabaki na nukta: za buluu, za waridi iliyokolea, za njano na za nyeusi. Kila rangi imechapwa kwa bamba lake, na kila bamba limewekwa nukta zake kwa pembe tofauti, ili zisilaliane vibaya. Zikikaa sawa, zinaunda vijiua vidogo vidogo, mamia kwa mamia. Bamba moja likihama upana wa unywele, mdomo mwekundu unatoka nje ya mstari wake na macho yanapata kivuli cha buluu pembeni. Nakala mbili za toleo moja zinaweza kutofautiana hivyo. Ninayo majalada pacha ambayo katika moja binti anaonekana ametulia, na katika la pili, kwa kuhama kwa wino tu, anaonekana ametoka kulia.

Mchoraji alilijua hilo. Hakuwa anachora kwa ajili ya ukuta wa jumba la makumbusho. Alichora akijua picha yake itapunguzwa, itavunjwa kuwa nukta na kuingia nyumbani kwa watu asiowajua. Toleo la Post la tarehe 24 Novemba 1951 lina picha ya Rockwell ya bibi na mjukuu wakiinamisha vichwa kuomba kabla ya kula, katikati ya mkahawa uliojaa, huku wageni wakiwatazama. Turubai yake ina upana wa mita moja hivi, na Desemba 2013 iliuzwa mnadani Sotheby's kwa dola milioni 46. Jalada lenyewe ni kiasi cha sentimita 28 kwa 35, na lilichapwa kwa mamilioni. Sisemi turubai ile haistahili heshima. Nasema waliolia walipoiona mwaka 1951 hawakuiona turubai. Waliliona jalada, na Rockwell alikusudia waione hivyo.

Wengine hawakuachiwa hata turubai. Majarida ya bei rahisi ya hadithi za kutisha na za sayansi yalichapwa ndani kwa karatasi ya rojo ya mbao, iliyojaa lignini, kile kinachoupa mti ugumu wake, karatasi inayogeuka njano kisha kahawia mpaka inakatika kama jani kavu. Nje yalivikwa karatasi bora, yenye kung'aa, kwa sababu jalada ndilo lililokuwa linauza. Wachapishaji wengi wa majarida hayo hawakuona sababu ya kutunza picha asili baada ya kuchapwa. Miaka ya 1930 Margaret Brundage alilichorea Weird Tales majalada mengi kwa chaki za rangi, na chaki ni kitu kinachofutika ukikigusa kwa kiganja. Aliweka sahihi ya M. Brundage, na wasomaji wengi walidhani ni mwanamume. Kwa kazi kama hizo, mkusanyaji mwenye nakala safi ya jarida kabatini huenda ndiye mtunzaji wa mwisho.

Na yapo yaliyobaki machache kwa bahati mbaya iliyo kubwa zaidi. Mwaka 1926 kundi la vijana waandishi na wasanii weusi wa Harlem, mtaa wa New York, Wallace Thurman akiwa mhariri, walitoa jarida liitwalo Fire!!, yaani moto. Lilitoka toleo moja tu, na nakala nyingi zikateketea kwa moto. Jalada lilichorwa na Aaron Douglas kwa rangi mbili, na tazameni, ni nyekundu na nyeusi tena. Umbo la uso mweusi limejaza ukurasa, na ndani yake amelala sfinksi wa Misri, yule simba mwenye kichwa cha mtu. Ukisimama karibu unaona sfinksi, ukirudi nyuma unaona uso. Douglas alihitaji rangi mbili tu kusema kwamba kijana wa Harlem ameibeba Afrika ya kale kichwani mwake. Kila ninapoambiwa majalada ni mapambo, jalada hilo ndilo ninaloleta.

Kamera ilikuja taratibu. Vogue, jarida la mitindo ya mavazi lililokuwa limewapa wachoraji kama Helen Dryden na Georges Lepape nafasi ya kuwavisha wanawake ndoto, Julai 1932 liliweka mbele picha ya rangi iliyopigwa na Edward Steichen: mwanamke aliyevaa vazi la kuogelea, ameinua mpira juu. Ni picha nzuri, siikatai. Ila kuanzia hapo mchoraji alianza kusogezwa, mwaka baada ya mwaka, jarida baada ya jarida. The New Yorker ni miongoni mwa machache yaliyokataa. Lilianza tarehe 21 Februari 1925 na jalada la Rea Irvin, bwana mwenye kofia ndefu anamtazama kipepeo kupitia kioo cha jicho moja, na mpaka leo mbele yake panachorwa.

Sasa nizungumze na wale wanaotaka kuanza. Msianze na orodha ya majina makubwa. Anzeni na kile ambacho macho yenu yanarudia bila kuambiwa. Mmoja atakusanya mchoraji mmoja, mwingine muongo mmoja, mwingine kitu kimoja tu, tuseme majalada yenye treni au yenye watu wanaosoma. Mkusanyo mdogo wenye macho yake una thamani kuliko makabati yaliyojaa kwa pupa. Na mtaka cha mvunguni sharti ainame: vitu vizuri vimelala chini ya maboksi ya vitabu vya zamani, chini kabisa, ambako wenye haraka hawafiki.

Mkikuta jalada linauzwa peke yake, ligeuzeni. Jalada halisi kwa kawaida lina tangazo la zamani nyuma yake, sabuni, gari, dawa ya meno, kwa kuwa upande wa ndani ulikuwa ukurasa wa kuuzwa kama mwingine wowote. Nyuma kukiwa peupe, kuna uwezekano mkubwa mmeshika nakala iliyochapwa juzi. Halafu wekeni kile kioo. Vijiua vya nukta nilivyovieleza vinaonyesha kazi ya mtambo wa kuchapa. Vumbi la nukta zilizotawanyika bila mpangilio ni kazi ya printa ya nyumbani.

Kuna jambo nalipenda ambalo wauzaji wanalihesabu kuwa kasoro. Jarida lililotumwa kwa posta lilibandikwa kikaratasi chenye jina na anwani ya msomaji, mara nyingi pembeni chini, na gundi yake imepenya mpaka imeacha doa la rangi ya chai. Bei inashuka kwa ajili ya kikaratasi hicho. Mimi nacho sikibandui. Herufi zake za mashine zimepinda kidogo, jina limekatwa kwa kukosa nafasi, na wino wake umeingia ndani ya anga alilochora msanii. Hapo ndipo picha ilipofika mlangoni kwa mtu. Ukikibandua unapasua uso wa jalada, na unamfukuza msomaji wa kwanza nyumbani kwake.

Kuhusu utunzaji nitasema kwa ufupi, kwa kuwa sheria zake hazina utata. Mikono misafi na mikavu. Bahasha ya poliesta au polipropilini, kamwe si ile plastiki laini ya PVC inayonata na kutoa harufu. Nyuma yake kadibodi isiyo na asidi. Jarida lilale bapa, mahali penye ubaridi, pakavu, pasipo jua. Pini za chuma zikishika kutu msizichomoe kwa nguvu, mpelekeeni mtu mwenye ujuzi wa karatasi. Selotepu isiguse jalada, hata kama mpasuko unawaumiza roho: gundi yake hugeuka kahawia na hairudi. Wala msilitie kwenye laminesheni, kwa sababu hapo mmelizika. Mkitaka kulionyesha ukutani, lionyesheni na jarida lake zima ndani ya fremu yenye kina, kwa miezi michache, kisha likapumzike gizani na jingine lichukue zamu.

Na kumiliki nakala si kumiliki picha. Saul Steinberg alichora jalada la The New Yorker la tarehe 29 Machi 1976, ambapo mtaa wa New York umejaza nusu ya ukurasa na dunia nzima iliyobaki imebanwa kwa nyuma kama kiraka. Likaigwa kila mahali. Kampuni ya filamu ilipotengeneza tangazo lililofanana nalo mno, Steinberg alikwenda mahakamani, na mwaka 1987 akashinda. Mkitaka kuchapa mabango au kadi kutokana na mikusanyo yenu, ulizieni kwanza haki ni ya nani.

Nimeleta kitu kimoja, kiko pale mezani chini ya taa. Ni The New Yorker la tarehe 24 Septemba 2001, siku chache baada ya mashambulizi ya New York. Jalada ni la Art Spiegelman na Françoise Mouly, mhariri wa sanaa wa jarida hilo. Mkilitazama kutoka mlipokaa mtasema ni ukurasa mweusi tu wenye jina la jarida. Wachapaji waliweka weusi uliotokana na zile wino nne za kawaida, kisha juu yake wakachapa minara miwili kwa wino wa tano, nao mweusi, na varnishi isiyo na rangi ikapitishwa juu. Mnara mmoja una mlingoti unaopanda na kuikata herufi ya W kwenye jina. Kwenye simu au kompyuta mchezo huo wa wino hauonekani vizuri. Nimejaribu kulipiga picha mara nyingi, na kila mara nimepata giza.

Njooni mmoja mmoja. Lishikeni kwa kingo, jarida zima, msilifungue sana. Liinamisheni taratibu kuelekea kwenye taa, na msubiri mwanga upite juu yake.